Nilimlilia Jenerali Ambaye Hakufa

Shangazi Weng mpendwa, naomba msaada wako maana nimejitia kitanzi mwenyewe na kujinasua nashindwa.

Mimi ni mtu wa Fuqing, kule China, nina duka huku ugenini Mafeteng, nauza unga wa mahindi, mishumaa na mablanketi, na nyumbani nimemwacha mama peke yake tangu baba alipofariki, na kila jioni ya kwao, ambayo kwangu ni mchana na wateja wamejazana kaunta, mama hukaa mbele ya televisheni kuangalia tamthilia yake, na mpaka leo anamimina chai vikombe viwili kana kwamba baba bado yupo kitini. Tamthilia ikiisha ananipigia. Anauliza, "Umekula?" na kabla sijajibu tumeshaingia kwenye hadithi, nani kamsaliti nani, mke mdogo wa mfalme kamtilia nani sumu, na sauti yake inachangamka mpaka nasahau kwamba ni mjane.

Shida, Shangazi, mimi siioni hiyo tamthilia. Ukifungua programu za nyumbani ukiwa huku unaambiwa haki za kuonyesha hazifiki nchi uliyopo, nyimbo zangu zote za ujanani zimegeuka kijivu kwenye simu, nazibonyeza haziimbi, na ile programu ya kuidanganya simu ijione iko China inakwama kila mtandao ukiyumba. Lakini siku ya kwanza mama aliponiuliza, "Na wewe unaiangalia, A-Zhen?" nilisikia hamu ilivyomjaa nikajibu, "Naiangalia, Mama, sikosi." Basi nikawa nasoma maelezo yanayoandikwa mtandaoni na watu waliokwisha kusoma kitabu ambacho tamthilia imetolewa, napitia haraka haraka huku Palesa, anayenisaidia dukani, akihudumia wateja, na simu ikilia niko tayari.

Juzi nikasoma kwamba Jenerali Pei kauawa darajani. Mama alipopiga nikajitahidi hasa, nikalia kwa sauti, "Mama, kwa nini wamemuua Jenerali Pei, kijana mzuri vile?" Mama akapunguza sauti ya televisheni. Kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu, inauma," na nikamsikia anapenga kamasi. Nikakata simu nimeridhika na kazi yangu.

Kesho yake nikamweleza Lin, mwenye duka la ng'ambo ya pili ya barabara, ambaye mkewe yuko Fuqing na humsimulia tamthilia nzima kwa simu. Lin alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Kafa nani? Kufa ni kwenye kitabu, dada! Kwenye televisheni wamebadilisha, mwenzio kaoa, jana alikuwa anakula tambi na bibi harusi!"

Shangazi, nilitamani ardhi inimeze. Mama aliiona ile harusi, anajua mimi mwongo, na hasemi kitu. Jana kaniambia, "Hii imeisha, nyingine inaanza Jumatatu, tutaangalia pamoja, eti?" Je, ananitega? Nikikiri, si nitamwacha peke yake na vile vikombe viwili? Au ninunue programu ya bei mbaya niendelee kujikaza? Usingizi sina.

A-Zhen, Mafeteng

*

Wewe A-Zhen, pangusa machozi kwanza. Jenerali ni mzima na anakula vizuri kukushinda.

Ulichofanya si kizuri na sitakupaka mafuta. Mtu hadanganyi mama yake kila siku kwa kisingizio cha kumfurahisha. Ila nakujua, maana sisi tulioko nje wote tuna ugonjwa huo huo, mabaya tunayameza, nyumbani tunapeleka mazuri tu, na yakikosekana tunayatunga.

Sasa rudi uisome barua yako mwenyewe, maana jibu umeliandika na hukuliona. Mama yako alimwona Pei kwa macho yake akiwa na maua ya bwana harusi kifuani. Wewe ukaja na msiba. Angeweza kukuumbua pale pale, ukome. Badala yake alilia na wewe. Unadhani alikuwa anamlilia nani? Alimlilia binti aliye mbali, anayehangaika hivyo ili tu apate la kuzungumza naye. Na hiyo Jumatatu yake si mtego, dada. Kakufungulia mlango na wewe umesimama nje unatetemeka.

Fanya hivi. Usimngoje apige, mpigie wewe, leo. Kaunta mwachie Palesa. Mwambie, "Mama, huku haionekani, nilikudanganya, nisamehe. Naomba wewe unisimulie." Usizunguke, usilete habari za mtandao. Jirani yako Lin hana uchawi wowote, ana mtu wa kumsimulia, na wewe unaye bora zaidi. Wimbo wa mwanzo wa tamthilia, ambao nao simu yako haiwezi kukuimbia, mwombe akuimbie yeye. Hiyo programu ya bei mbaya achana nayo. Na mama akikasirika, niletee namba yake nizungumze naye mwenyewe.

*

A-Zhen ameniandikia tena, na kaniruhusu niyaweke maneno yake hapa:

Shangazi, nilimpigia. Niliposema "nilikudanganya" nikasikia kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike baba. Akasema, "Mwanangu, nilijua tangu wiki ya kwanza. Baba yako alikuwa anakoroma kuanzia wimbo wa mwanzo, akizinduka mwisho ananiambia, 'Leo imekuwa nzuri sana.' Na mimi namjibu, 'Nzuri sana.' Miaka yote hiyo. Nilidhani sitapata tena mtu wa kunidanganya vile." Akaimba wimbo wote, akasahau ubeti mmoja, akarudia. Kisha akasema, "Haya, kaa vizuri nikusimulie harusi."