Mwanao Ameitia Masizi Chemchemi

Shikamoo Mama. Huko Pasiansi mnaoga jasho, sisi huku msituni tunavaa masweta. Hema limelala upande kama mlevi, ila chemchemi iko jirani na maji yake yanatia meno ganzi.

Tangu nyumbani mwanao alijigamba kwamba porini yeye ndiye mwalimu. Leo asubuhi katupikia uji kwa kuni. Tulipomaliza, akachukua sufuria ile ile, kitako cheusi kwa masizi, akaizamisha kwenye chemchemi achote maji ya chai. Akina mama waliokuja kuchota wakaweka ndoo chini wote. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Baba, hapa masizi hayaingii. Chemchemi ikiyaona inahama."

Mwanao akajibu kwamba yeye ameokoka, haamini mambo hayo.

"Hata sisi tumeokoka," akasema yule mama, "na maji tunakunywa haya haya."

Wakamkabidhi kibuyu. Akachota maji yale machafu akayamwaga mbali mpaka chemchemi ikatakata, kisha akawajazia ndoo zao na kuwatwika mmoja mmoja. Chai tumeinywa jua la utosini.

Alipokuwa ameinama, wakaniuliza huyu kalelewa na nani. Usiwe na wasiwasi, Mama, heshima yako nimeilinda. Nimewaambia kalelewa na baba yake.

Mungu akutunze, tumekukumbuka. Baba msalimie sana, ila kadi hii usimsomee.

Mkweo,
Neema