Zamu ya Mwisho Kwenye Trela

Kaka Chacha,

Wiki tatu zimepita tangu tukuzike huko Kenya, na kuna jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai. Uliniuliza mara moja, nikakujibu kwa neno moja la uongo. Hili hapa jibu lenyewe.

Utakumbuka ile barua uliyompa mchuuzi wa ng'ombe aipitishe Sirari, wakati mpaka umefungwa. Uliandika kwamba kwaya ya kiwanda chenu cha sukari ingeimba kwenye televisheni Jumapili, saa kumi na moja jioni, nawe ungesimama mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Nilikuwa nyumbani likizo kutoka gazetini, nikamsomea mama mara mbili. Alikuwa hajakuona kwa miaka minne, na daktari wa Musoma alishamwambia kwamba macho yake hayangefika mavuno yaliyofuata.

"Nataka nione kama amekonda," akasema. "Basi."

Tanzania Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Lakini Fundi Salumu, yule wa redio karibu na soko la Tarime, alikuwa nayo moja ndogo aliyoinunua Kenya kabla ya mpaka kufungwa. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kanga. Kijijini umeme haukuwapo. Kulikuwa na trela, ambalo hukuwahi kuliona: wageni waliokuwa wakihesabu nyumbu kule Ikoma waliliacha, kijiji kikapewa, trekta likalivuta hadi kwetu, likawa ofisi. Lilikuwa na vitanda viwili, sinki, na soketi za ukutani zilizounganishwa na betri kubwa chini ya kitanda. Betri hiyo tuliipeleka Tarime kwenye mashine ya kusaga, ikachajiwa siku nzima.

Jumapili Fundi Salumu alifika mapema. Alipima soketi kwa taa ndogo, jasho linamtoka. "Nikichanganya chanya na hasi, tumepika televisheni, shehe," akaniambia. Hakuchanganya. Saa nane na nusu akapanda juu ya trela, akageuza antena kuelekea Kenya, na picha ikaja. Alishuka akicheka, kisha akasema, "Betri hii ni ya saa mbili. Ikizidi ni bahati." Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Liko mpaka leo.

Mwenyekiti wa kijiji akaja na fimbo yake. Hakuna kitu kilichofanyika kijijini bila kufunguliwa rasmi, na hili halikuachwa. Alihutubia nusu saa mbele ya mlango, huku televisheni inawaka ndani.

"Fundi, si uizime kwanza?" nikamwuliza.

"Nikiizima, picha kuipata tena sijui."

Kisha Mwenyekiti akatamka kwamba trela ni la wote na betri ni ya wote, hivyo kila nyumba kumi zitaingia na balozi wao, robo saa kila kundi. "Ndugu Mwandishi, panga zamu."

Kulikuwa na mabalozi sita. Watu walijua ni wewe utakayeonekana, na walisubiri kuona nitafanya nini. Niliandika nyumba zetu kumi mwisho kabisa. Mabalozi wakanisifu. Mzee mmoja akasema, "Huyu ndiye msomi, hajipendelei." Kumbe nilikuwa nimepiga hesabu: wa mwisho hawana wa kuwatoa, ndio watakaokuwa ndani kwaya ikianza. Nilitaka sifa ya haki na nilitaka mama akuone. Vyote viwili.

Walioingia kabla yetu waliona farasi, mpira na mtu akisoma karatasi. Walitoka wakibishana kama wale watu walikuwa ndani ya kisanduku au Nairobi. Kila kundi liliingia kwa kelele na kutoka kwa shida, robo saa ikawa dakika ishirini. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe, kitambaa kipya kichwani. Nilimwambia zamu inakuja. Hakulalamika.

Tuliingia saa kumi na moja na dakika tano. Kwaya ilikuwa imeshaanza. Picha ilikuwa imejikunja kutoka pembeni, imebaki ukubwa wa kiganja, na kingo zote nyeusi.

"Fundi, inakuwaje?"

"Betri inakwisha."

"Hakuna la kufanya?"

"Betri ya trekta."

Trekta lilikuwa Musoma, linatengenezwa. Mama akapiga magoti, uso karibu uguse kioo. "Wa tatu kutoka wapi?"

"Kushoto, mama. Nyuma."

Picha ikapungua, ikawa kama sanduku la kiberiti, kisha nukta nyeupe, kisha hakuna. Sauti ilibaki kidogo, ikazama nayo. Mama aliacha mkono wake juu ya kioo kwa kuwa kilikuwa bado na joto.

"Nimemwona," akasema. "Amenenepa."

Nilikuwa bega kwa bega naye, na macho yangu yalikuwa mazima. Katika picha ile usingeweza kutofautisha mwanamume na mwanamke.

Mpaka ulipofunguliwa ukaja na suti yako, macho yake yalikuwa yamekwisha. Alikupapasa mashavu, akasema, "Umekonda. Kwenye televisheni ulikuwa umenenepa." Sote tulicheka, nawe ulicheka kuliko wote. Baadaye, kwenye zizi, ukaniuliza, "Mwita, kweli mliniona?" Nikakujibu, "Tulikuona."

Hatukukuona, kaka. Sijui kama mama alijua hivyo. Sikuwahi kumwuliza, na sasa sina wa kumwuliza. Orodha ya zamu imo kwenye daftari lilelile, ukurasa mmoja baada ya maneno ya Fundi kuhusu saa mbili, ambazo sikuzihesabu nilipopanga. Mwandiko ni wangu, safi, haukukatwa popote. Nyumba zetu ni namba sita.

Pumzika huko ulikolazwa.

Mdogo wako,
Mwita