Makaburi ya Lalago Ambayo Hukuyaona

Dada Minza, mtoto wa mama yangu,

Juzi nilitumwa Lalago kikazi, na tangu nirudi Bariadi sijatulia. Nakuandikia ingawa najua hakuna wa kukufikishia.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza kule. Wewe mthamini uliyesajiliwa, mimi msaidizi wako, tunakwenda kuthamini ardhi ya Mzee Nkwabi ili alipwe fidia, apishe ujenzi wa ghala la pamba. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope kabla hatujavuka korongo. Ulishuka ukaangalia ng'ambo, ukaona pamba na paa la nyumba.

"Nimeshaona. Tugeuze," ukasema.

Njiani tulinunua viazi vya kuchemsha, ukanichekesha mpaka nikapaliwa. Ripoti uliiandika peke yako. Uliandika kwamba ardhi ile haina makaburi.

Greda lilipofika, Mzee Nkwabi alikuwa mnadani. Aliporudi alikuta mifupa ya mkewe na ya mtoto wao imechanganyika na udongo, na kitenge alichozikwa nacho mama yule bado kina rangi.

Kamati ya nidhamu ya wathamini iliponiita kama shahidi, ulikaa mbele yangu umejifunga kitambaa cheupe kichwani. Mwenyekiti akauliza, "Shahidi, mlifika kwenye shamba lile?"

Nikakuangalia. Ulikuwa unatazama mikono yako.

"Hatukufika," nikasema.

Kanuni unaijua kuliko mimi: mthamini hasaini asichokiona. Walikufuta kwenye rejesta. Nje mama alikuita, hukusimama. Tangu hapo hukupokea simu yangu hata mara moja. Kwamba unaumwa niliambiwa na majirani. Nilipofika hospitali uligeukia ukutani, na hukuniambia neno mpaka ukaondoka duniani.

Sasa anayesaini ni mimi. Kila shamba nalizunguka mpaka pembe ya mwisho, hata mwenyewe akiniapia kwamba hakuna kitu. Nikiinama kwenye majani nakusikia nyuma yangu, sauti yako kabisa, yenye haraka. Nageuka. Wenzangu wameacha kuniuliza ninamtafuta nani.

Juzi Mzee Nkwabi alinipokea mlangoni kwake. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, kisha akanitazama sana. "Wewe ni mdogo wake yule."

Nilidhani atanifukuza. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba mpya, walikozikwa upya mkewe na mtoto, kwenye makaburi mawili yaliyozungushiwa mawe makubwa.

"Haya mawe aliyabeba dada yako," akasema. "Alikuja baada ya kufukuzwa kazi. Aliyatoa kule kilimani, kwa kichwa chake."

"Alisema nini, baba?"

"Alikuwa analia. Alisema, 'Mdogo wangu alisema kweli. Angenifichia, nisingepata uso wa kuja hapa.'"

Nilikaa chini palepale. Mzee aliniacha, akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Kumbe maneno hayo ulikuwa nayo, Minza. Ulikuwa nayo nilipokaa kando ya kitanda chako nimekushika mguu, nikisubiri unilaumu, unitukane, lolote. Ulimpa mzee wa Lalago. Mimi ulinipa mgongo.

Pumzika, dada. Ila ukinijia tena ndotoni, nakuomba, geuka.

Mdogo wako,
Limi