Hadithi ya Mlango wa Pili

Jumanne usiku, Kapsoit

Sasa hata kazi ya shule ya mtoto wangu imenishinda. Mwalimu wa Gredi ya Pili anataka kila mtoto asimuliwe hadithi na mzazi kwa lugha ya nyumbani, kesho aisimulie darasani. Lakini lugha ya nyumbani hapa maana yake ni Kikipsigis. Sisi Wajaluo wa ziwani hakutufikiria.

"Kijaluo hakuna mtu atasikia," binti yangu Atieno akasema, akavaa sweta, akaenda kwa jirani yetu Mkipsigis, Mama Chebet, mlango wa pili. Kijaluo chenyewe Atieno anajua salamu tu.

Nikabaki nakata sukuma. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Chebet akisimulia na mtoto wangu akicheka kuliko watoto wa pale wote. Sikushika kitu. Miaka yote hii nafanya kazi kiwandani huku, na Kikipsigis mimi najua salamu tu.

Aliporudi alinielezea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anaongea na mgeni. Ilikuwa ile ya sungura aliyebebwa na ndovu akamlia asali mgongoni. Nyanya yangu alikuwa akitusimulia hiyo hiyo. Nikamwambia naijua.

"Hapana, Mama. Hii ni ya Mama Chebet."

Anasoma vizuri, ana marafiki, najua nafaa kushukuru, lakini...

Alipolala nilikaa kando yake nikamsimulia yote kwa Kijaluo mpaka mwisho, na wimbo wake. Afadhali hakuamka. Angeniuliza naongea na nani.