Uzi Ambao Sikuuchoma

Papa yangu, popote ulipo,

Nakuandikia kwenye karatasi ya kukatia mitindo, maana madaftari yamekwisha sokoni. Usinicheke mwandiko. Tangu mashini ya kushona ikose kazi, vidole vyangu vimekuwa vizito.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Napika lituma, ndizi zetu za kuponda, kidogo sana, na bado inabaki. Majirani wanasema nitazoea. Nizoee nini? Juzi nilikisalimia kiti chako, bon, nikajicheka mwenyewe, halafu nikalia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia bila hodi na kuinamia kikapu changu cha mabaki ya vitambaa? Wateja walidhani umepoteza kitu. Kumbe unatafuta viraka vya pupu yako, ile bunduki inayojazwa baruti kwa mdomo, halafu risasi inafungwa kitambaa ndipo inashindiliwa ndani. "Lisasi haitokake uchi," uliwaambia. Mama mmoja akakuuliza kama inavaa na viatu.

Wewe ndiye uliyenifundisha nguo, kabla ya mwalimu wangu wa kushona. Iwe pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana. Uivute pembe kwa pembe, ikilegea, uitupe. Halafu uchomoe uzi mmoja, uuchome. Pamba inabaki majivu, nailoni inakuwa tone gumu jeusi. Ukitoka msituni ulikuja na mboloko begani, yule swala mdogo, na mfukoni viraka vilivyokwisha kupigwa, umeviokota kwenye majani. Tulivisoma pamoja mlangoni. Chenye tundu, kitambaa kilikuwa chepesi. Kilichobaki kizima, cheusi katikati tu, ulinionyesha kwa furaha: "Hii iko muzuri, Mado. Ukate tena ya namna hii." Nilijivuna wiki nzima.

Halafu vita. Hata mabomu yalipokoma, maboti hayakupanda tena mto, na vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Butembo vilikuwa nailoni yenye sura ya pamba. Macho yako yalikuwa yameingia ukungu. Ulisema vidole vyangu vinaona kuliko wewe. Asubuhi ile tulikuwa na mwezi mzima wa sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama, ukasema, "Mado, minaenda ngambo ya mto. Unipatie viraka kumi."

Nilikuwa nayo pamba, papa. Yadi mbili, nimezificha chini ya godoro kwa ajili ya rinda langu la Pasaka. Nilichoka kwenda misa na nguo iliyopasuka kwapani, wanawake wa kwaya wakinitazama. Donc nikakukatia kile cha Butembo. Ukakipapasa, ukakipaka mawese kidogo, ukaniuliza, "Ulichoma uzi?"

"Nilichoma, papa."

Ukatia mfukoni. Hukuniuliza mara ya pili.

Tonton Lofemba, mliyekwenda naye kuwinda, alirudi peke yake siku ya tatu. Alisema mliachana kwenye kijito, kila mtu na njia yake. Akasikia mlio mmoja mzuri, kisha wa pili wenye sauti mbaya. Alikutafuta siku mbili, hakuona mtu wala bunduki. Askari walikuwa wakipita msitu ule, kwa hiyo yeye anasema ni askari. Kila mtu anasema ni askari, na wote wananipa pole. Lakini mimi najua kwamba nailoni inayeyuka ndani ya mtutu na kuganda, risasi inayofuata inakwama, na bunduki inapasuka usoni pa mwenyewe. Ni wewe uliyenieleza. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia wewe, kwa sababu ni wewe niliyekudanganya. Nisamehe, au uje unigombeze mbele ya mtaa mzima, lolote nitalipokea.

Rinda nililishona. Pasaka ilipofika sikuweza kulivaa.

Wiki iliyopita katekista alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya kuombewa misani. Ana orodha mbili, marehemu na wasafiri. "Papa Bosenge tumuandike fasi gani?" akaniuliza, na kalamu yake tayari iko kwenye marehemu. Nikisema marehemu, basi najua aliyekuua. Nikamwambia, wasafiri. Alinitazama kwa huruma, akaandika.

Jumapili walisoma marehemu, papa. Walisoma mpaka watoto wakasinzia kwenye mabenchi. Kisha wakasoma wasafiri. Barabara zimekatwa, mto umefungwa, mji mzima hakuna anayekwenda popote. Lilisomwa jina lako peke yake, nasi wote tukaitikia.

Safari njema, papa.

Binti yako,
Mado