Mkate Hautaingia Nyumba Hii

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimepigwa kwa sababu ya mkate. Ningecheka, lakini mdomo umepasuka, kucheka kunauma.

Ilikuwa chai ya asubuhi. Nilinunua ule mkate mrefu hapa sokoni Magwagwa, nikakata vipande, nikapaka siagi. Mume wangu Onyiego akaamka na kichwa cha pombe ya chang'aa, macho mekundu. Akauliza, wali wa jana uko wapi? Nikamwambia umeisha, kuna mkate. Akachukua kipande, akanitia mdomoni pamoja na ngumi. Eti mkate ni chakula ya wagonjwa! Eti mwanaume hali hewa!

Huyu mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga kule Ahero kabla anioe, na tangu hapo hajui kitu kingine ila wali. Wali asubuhi, wali jioni. Hata ugali wa wimbi wa mama yake anausukuma kando. Sawa! Mimi nami nimezaliwa Kiogoro, karibu na mjini. Baba alikuwa akitoka kazini na mkate kwapani, sisi watoto tunamkimbilia barabarani. Kila mtu na tumbo lake. Nimewahi kumpiga yeye kwa kupenda wali?

Sasa ametoa sheria: mkate hautaingia nyumba hii.

Daftari hili nalificha chini ya gunia la mchele. Kuficha huku ni kwa mazoea tu — mama mkwe husoma Biblia tu, ya lugha yetu ya Ekegusii, na Onyiego hasomi kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimecheka! Jamani, nimecheka mpaka mbavu zilizopigwa zikanikemea.

Ni Masese, ndugu mdogo wa Onyiego. Alilelewa na shangazi yao Mombasa, amerudi mwaka huu baada ya shangazi kufariki. Ekegusii kinamshinda kabisa, kwa hiyo sisi wote tunamwongelesha Kiswahili, na yeye anatucheka. Mkate mdogo anauita boflo. Mchana kulikuja wageni wa kanisa. Nikamwonyesha yule jogoo mwekundu, nikamwambia, "Shemeji, mkate." Nikaenda kuteka maji. Kurudi — jogoo bado anatembea na kiburi chake, Masese amesimama mlangoni na mkate wa dukani!

Akaniambia kwao jogoo anachinjwa, hakatwi, na mkate ni wa kula. Nikamwambia huku kwetu kukata na kuchinja ni neno hilo hilo, fungua masikio. Akasema basi ameelewa, siku nyingine nikisema mkate atachukua panga kwanza halafu aulize.

Jogoo akachinjwa. Ule mkate tukaula mimi na yeye na binti yangu Kemunto nyuma ya nyumba, haraka haraka, kama wezi.

Alhamisi, 7 Agosti

Karatasi ya mkate. Kemunto aliiokota akaifanya kofia, baba yake akaiona. Mtoto wa miaka minne, angejuaje?

Onyiego alitumia mpini wa jembe. Mgongo, mapaja, mkono niliojikinga nao. Masese akaja kumshika, naye akala wake, jicho limefunga. Eti unakula mkate na bibi yangu, unakula nini kingine? Ai! Aibu niliyoona mbele ya mama mkwe. Mama akasimama pale na shuka lake, akasema tu tuache kelele, watu wa majani chai wanapita.

Nilimuuma Onyiego mkono mpaka nikaonja damu. Sikuachia haraka. Nilifurahi, nitasema uongo wa nini? Nilifurahi kama mtu amepata nyama.

Jioni mama aliniletea maji ya chumvi. Akaniambia vumilia, hata baba yake alikuwa hivyo. Nikamwuliza, na wewe ulifanya nini? Akazidi kunikanda.

Jumatatu, 11 Agosti

Onyiego amemvunja mbwa wetu mguu. Ati alinusa sufuria.

Masese anasema nirudi Kiogoro na mtoto. Nikamwuliza, Kemunto nitamtoaje hapa? Onyiego ameapa nikivuka geti na mtoto atatukatakata wawili, na yule akiapa jambo baya hulitimiza. Masese akainuka, akaenda. Baadaye nilimsikia nyuma ya nyumba ananoa panga. Nikamwambia, shemeji, migomba yote umeshamaliza. Akasema panga halikai butu.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya maandalio. Sisi ni Wasabato, na mama mkwe hataki moto uwashwe Sabato, hata wa chai. Ndiyo maana miaka yote Sabato yetu ilikuwa mkate na maziwa. Mkate hauhitaji moto! Hata Onyiego alikuwa anavumilia siku hiyo moja. Sasa sheria ni sheria.

Nimepika wali leo, nimeufunika kwa kesho. Nikamwambia mapema, mbele ya mama, kesho utakuwa baridi. Akasema baridi ni yenu, yeye atakula moto.

Nimefagia nyumba yote, chini ya kitanda, nyuma ya kabati. Hakuna hata chembe ya mkate. Sitaki apate sababu.

Jumapili, 17 Agosti

Onyiego amekufa.

Wacha niandike.

Jana tulitoka kanisani mchana. Yeye hakwenda, alikuwa kwa wale wapika chang'aa. Akatukuta mezani. Nikamwekea wali. Akaugusa kwa kidole. Baridi. Akasema pasha. Mama akasema kwake hakuna moto Sabato. Akanigeukia mimi. Akachukua sufuria, akanipiga nalo sikioni, wali ukaruka hadi kwenye nywele za mtoto. Kemunto akalia. Akamwinua kwa mkono mmoja, akamrusha. Alimrusha, jamani! Mtoto akagonga ukuta akanyamaza.

Nilimrukia. Akanilaza chini, goti kifuani, mikono yote shingoni. Niliona macho yake. Hayakuwa na ulevi. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri, polepole, kama anakamua nguo. Punje za wali ziko kwenye ndevu zake. Nikajua leo nakufa, na mtoto anafuata.

Akalegeza kidogo abadilishe mkono. Nikapata pumzi. Nikapiga kelele, "Mkate! Mkate!"

Masese alitokea mlango wa nyuma. Panga lilimpata Onyiego kati ya shingo na bega. Akageuka kama anataka kuuliza kitu. Likampata tena. Damu moto ilinimwagikia usoni, ikaingia mdomoni. Chumvi ile ile.

Kemunto yuko hai. Bega limetoka, daktari amelirudisha. Ananiuliza baba ameenda wapi.

Masese hakukimbia. Aliketi kwenye ngazi, panga mapajani, akangoja watu waje.

Jumatatu, 18 Agosti

Kijiji kizima kinasimulia: Bathsheba, yaani mimi, alikuwa analilia mkate. Majirani walisikia, "Mkate! Mkate!" na wote wanajua nimekuwa nikipigwa kwa sababu hiyo. Wanawake wananishika mkono wanalia. Maskini, kipande cha mkate tu! Nami nainamisha kichwa.

Nyamongo, baba mdogo wa Onyiego na Masese, alikuja asubuhi. Anasimulia kwa Ekegusii: alilia omogati. Kwa Ekegusii hakuna shida, omogati ni mkate wa kula tu, hauwezi kuwa kitu kingine. Akaniambia kesho kwenye kituo cha polisi niseme hivyo hivyo. Ikijulikana nilimwita, tutafungwa wote wawili; Masese hana mke wala mtoto, mimi nina Kemunto. Akaniachia mkate mezani, mpya, eti nikiulizwa niseme ulikuwepo. Karatasi yake imepigwa tarehe ya jana! Mzee wa watu, hata hakusoma.

Mama alingoja atoke. Akasema amebakiwa na mtoto mmoja. Akasema Masese akihesabiwa aliua ndugu yake bila kuitwa, hatatoka jela tena. Lakini akiwa aliitwa kuokoa mtu, hiyo ni kesi nyingine. Akanishika kidevu. Alikuwa mezani, mama. Aliona kila kitu. Akaniuliza: mtu akinyongwa, analia kwa lugha ya nani?

Nikatoa kidevu changu mkononi mwake. Ningelia "Mama!" angesikia mama. Ningelia Ekegusii wangekuja majirani. Nililia Kiswahili. Katika boma hili kuna mtu mmoja tu anayeongeleshwa Kiswahili.

Jumanne, 19 Agosti

Niko kwenye benchi nje ya kituo. Shingo bado ina alama za vidole vya Onyiego, nimejifunga leso.

Wameniruhusu kumwona Masese kwenye dirisha. Nilimletea ule mkate wa Nyamongo, sikujua nimletee nini kingine. Jicho lake bado limevimba tangu ule mpini wa jembe. Akauangalia mkate akatabasamu, ati boflo kubwa hilo. Halafu akasogeza uso kwenye vyuma. Akaniambia ameshaandikisha: "Shemeji hakuniita, alikuwa anaomba chakula, mimi niliingia kwa hasira zangu." Akasema niende na hiyo hiyo. Nikasema, Masese, wewe ulijua. Akasema, na Kemunto ataangaliwa na nani?

Nikasema, ulijua!

Akamega mkate akatia mdomoni, akatafuna na macho yamefumba. Mimi nilitaka kumpiga. Nilitaka kuvunja lile dirisha kwa kichwa changu. Hata huyu ananifunga mdomo!

Tangu asubuhi sijala kitu. Kemunto nimemwacha na mama. Wakati natoka mama alisimama tu mlangoni na mtoto mgongoni.

Afisa ni kijana kutoka Pwani. Amenipitia mara moja na faili mkononi, akaniambia kuna neno moja limemsumbua, ameliandika akaona lina maana mbili, ya meza na ya panga. Anataka tu nimsaidie kidogo. Ataniuliza siku ile nyumbani tulikuwa tunakula nini.

Anafungua mlango. Ananiita, mama Kemunto, karibu.

Nitamwambia ukweli: tulikuwa tunakula wali. Mkate haukuwepo —