Sheria ya Tisa Inapingana na ya Nne

Mpendwa mshauri,

Kabla hujafika mstari wa pili, naomba uniahidi kwamba neno lolote lililomo humu halitatoka mikononi mwako likiwa na jina langu, wala mtaa wangu, wala ofisi yangu, hata kwa mwenzako wa meza ya jirani, kwa sababu mama yangu hulisoma gazeti hili kila wiki na huanzia ukurasa wako, na ukiona jambo lolote litakalomfanya anitambue, lifute, sitalalamika. Nimeiandika barua hii mara nne na mara tatu nimeichana. Nahitaji msaada na sina mwingine wa kumwomba.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe, kuziandika daftarini na kuzitia kwenye majalada yake, na kwa miaka miwili sijapoteza hata moja. Sijisifu, nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kudanganya ovyo. Hata uongo wangu nimeuwekea daftari.

Baba yangu alikuwa fundi saa, sasa amestaafu. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi, alikuwa pia mwamuzi wa mashindano ya chesi katika klabu ya hapa kwetu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Refa, hata watoto ambao hawajawahi kuuona ubao. Mimi, binti yake mdogo, alinifundisha nikiwa na miaka sita, mezani kwake, tukisogeza miwani yake na bisibisi zake pembeni. Kwake sheria haikuwa jambo la mzaha. Ukigusa kete umeigusa, utaicheza hata kama itakuua, na machozi yangu hayakuwahi kumfanya anirudishie.

Mwaka jana nilipakua kwenye simu mchezo mmoja wa video wa kupitishia saa ya chakula. Ni chesi, lakini si ile tuliyoizoea. Unaanza na mfalme na kete chache, unapita chumba baada ya chumba, kila chumba kina ubao wake na maadui wake, na ukishinda unapewa kadi inayogeuza sheria, kwa mfano ngome iruke kama farasi au askari arudi nyuma. Ukifungwa umefungwa, hakuna kurudia hapo ulipofikia, unarudi mwanzo kabisa mikono mitupu, na unakuta vyumba vimepangwa upya, havifanani na vya jana. Nilimwonyesha baba, akautazama kidogo, akasema huo ni mchezo wa watu wasiopenda kusoma sheria, akanirudishia simu.

Basi Jumapili moja alasiri tulikuwa tunacheza mimi na baba kwenye ubao wetu wa mbao, mjomba wangu ameketi anatutazama huku anamenya chungwa, na baba akamchukua askofu wake akampeleka moja kwa moja, kama ngome, badala ya mshazari, akamweka chini bila wasiwasi wowote. Nilidhani ananitania. Mjomba akacheka mpaka chungwa likamdondoka.

"Refa, leo unaiba? Na wewe ndiye uliyenitoa mashindanoni kwa kugusa askari na kiwiko!"

Baba akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Mshauri, sijawahi kumwona baba na uso ule, na sikutaka mjomba auone, ndipo maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Haibi, mjomba. Tunacheza ule mchezo wa kwenye simu. Amepata kadi."

Baba akaniinulia macho. Kisha akasema taratibu, "Ndiyo. Nimepata kadi."

Hapo ndipo nilipoanzia, na sasa imetimia miezi minane. Kila baba akikosea nasema ni kadi, na ili nisijichanganye nikanunua daftari dogo nikaanza kuziandika sheria hizo kwa namba na tarehe, na zimefika arobaini na moja. Sheria ya nne inasema askofu aliyesimama pembeni mwa ubao anaweza kwenda moja kwa moja. Ya kumi na sita inasema malkia akidondoka chini ya meza anahesabiwa bado yupo. Ya ishirini na tatu inasema mchezaji anaweza kuuliza ni zamu ya nani, mara nyingi apendavyo, bila adhabu. Mama amefurahi, anasema tangu tupate huo mchezo wetu baba hana hasira, na dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, akipiga simu kuuliza hali ya baba namjibu kwamba anashinda kila siku. Na ni kweli anashinda. Mimi ndiye ninayetunga sheria.

Lakini kadi zimetoka ubaoni zikaingia ndani ya nyumba. Akifunga vifungo vya shati kombo tunacheka, tunasema leo kuna kadi ya vifungo. Akitia chumvi kwenye chai, ni kadi. Kisha mwezi uliopita alitoka asubuhi kwenda kwa kinyozi wake, mitaa miwili kutoka nyumbani, alikokwenda miaka yote, akarudi saa nane mchana, viatu vimejaa vumbi na nywele hazijakatwa. Mama akamuuliza alikuwa wapi. Akaketi, akavua kiatu kimoja, akanitazama mimi na si mama.

"Leo vyumba vimepangwa upya," akasema.

Nami nikamjibu, "Ndiyo, baba, ndivyo mchezo ulivyo." Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Sasa nieleze kinachoninyima usingizi. Klabu imemwandikia baba barua ya kumwalika Jumamosi ijayo, wanatimiza miaka thelathini, wanataka akabidhi kikombe na acheze mchezo mmoja wa heshima na bingwa wao mpya mbele ya watu wote, na baba amekubali. Koti ameshalipiga pasi mara tatu. Atakwenda na sheria zangu arobaini na moja kwenye ukumbi ambako yeye ndiye aliyekuwa sheria, askofu atakwenda moja kwa moja, watu watacheka kama mjomba alivyocheka, na mimi ndiye nitakuwa nimemfikisha pale.

Halafu juzi nilifungua daftari nikakuta penseli. Si mwandiko wangu. Pembeni mwa sheria ya tisa, inayosema kete yoyote iliyofika pembeni haisogei mpaka iguswe na mwenzake, pamepigwa mstari na kuandikwa kwa herufi ndogo zilizonyooka, zile alizokuwa akiandikia risiti za saa, "Hii inapingana na ya nne." Sijui aliandika lini. Labda anaamini ni sheria za kweli na anataka zinyooke. Sijamuuliza. Nimelirudisha daftari mahali pake.

Je, nimwambie ukweli kabla ya Jumamosi nimvunje moyo, au nizuie safari kwa kisingizio, au ninyamaze? Najua utasema daktari. Naogopa daktari, mshauri. Kwenye simu ukifungwa unabonyeza kitufe, unaanza upya. Kwa daktari sijui kama kitufe hicho kipo.

Tafadhali usinijibu kwa barua ya nyumbani. Usipige simu masjala, ile ya pale hupokelewa na mkuu wangu na humuuliza kila mpigaji ana shida gani. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, piga siku za kazi kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana. Ukipiga Jumapili simu huwa mezani nyumbani, na akipokea baba sema umekosea namba. Hatakumbuka.

Karani

*

Karani,

Sikupiga simu. Yapo mambo ambayo mtu akiambiwa saa ya chakula hurudi kazini macho mekundu, na mkuu wako, kwa jinsi unavyomweleza, angeuliza. Nimebadilisha mambo matatu katika barua yako, wala usihangaike kuyatafuta. Mama yako hatajua ni wewe mpaka umwambie mwenyewe, na utamwambia kabla ya Jumamosi.

Pole, mwanangu. Pole ya kweli. Siku ile ya chungwa ulifanya jambo la upendo, na ningekuwa mimi mahali pako sijui kama ningekuwa mwepesi hivyo. Uongo wa siku ile nimekusamehe. Wa kesho yake sijakusamehe. Miezi minane, binti. Barua za watu wasiokuhusu unazigonga muhuri siku hiyo hiyo, hii ya baba yako umeikalia. Una dada muuguzi, umemwambia baba anashinda. Na mama yako unadhani hajui? Anafua yale mashati yenye vifungo kombo, na chai yenye chumvi ameionja. Anakungoja wewe useme, kwa kuwa wewe ndiye unayeonekana kuwa na maelezo.

Sasa soma tena ile penseli, maana umeisoma kwa woga. Mtu aliyeandika "inapingana na ya nne" alianza na ya kwanza, na alipofika ya tisa alikuwa bado anaikumbuka ya nne. Ameujua mwandiko wako, yeye aliyekulea. Ameona tarehe, na kila tarehe ni siku aliyokosea. Angeamini ni sheria za ule mchezo wa simu angekuja kukuuliza kadi hizo ziko wapi. Hakuuliza. Alisahihisha, akalirudisha daftari. Mwamuzi aliyemtoa shemeji yake mashindanoni kwa kiwiko amekuona unaiba mchana kweupe, akanyamaza.

Simjui baba yako, kwa hiyo hili ni kisio langu tu. Nadhani alijua tangu aliposema "Nimepata kadi." Wewe unamfichia yeye, yeye anakufichia wewe, mmeketi pande mbili za ubao mmoja kila mtu akimwachia mwenzake ashinde. Na siku aliyopotea alikutazama wewe akakwambia wazi, kwa lugha pekee mliyobaki nayo, kwamba amepotea. Alikuwa anaomba msaada, karani. Ukafungua bomba.

Basi fanya hivi. Leo jioni, kabla ya chakula, mpigie dada yako umwambie yote, pamoja na kinyozi. Kesho keti na baba yako, weka ubao katikati na daftari juu yake, umwambie, "Baba, umeisahihisha sheria yangu." Kisha nyamaza. Usimsaidie kusema. Akilia, mwache alie, ana haki hiyo. Wewe pia.

Kwa daktari mtakwenda wiki hii, watatu, na mama yako ashike mkoba wa vipimo vya zamani. Upo usahaulifu unaotibika na upo usiotibika, na mimi wa gazetini sitakuambia wake ni upi. Kitufe cha kuanza upya siamini kipo. Lakini kujua mapema kunampa mtu nafasi ya kusema anavyotaka kuishi wakati maneno bado anayo, na wewe umekuwa ukiitumia nafasi hiyo kutunga sheria.

Jumamosi usimzuie. Muulize. Koti halipigwi pasi mara tatu na mtu asiyejua anakokwenda. Huenda anataka kuuaga ule ukumbi kwa miguu yake. Akisema atakwenda, umwombe ruhusa, kisha umwambie mwenyekiti wa klabu aondoe ule mchezo wa heshima. Akabidhi kikombe, apigiwe makofi, arudi nyumbani. Akisisitiza kucheza, acheze na wewe, na askofu akienda moja kwa moja, umjibu kwa kete yako bila kutoa maelezo kwa mtu. Atakayecheka, mjomba amkanye. Mwambie nimesema mimi, anadaiwa lile chungwa.

Daftari usilichome. Lipo jambo moja la kuandika, nalo liwe sheria ya arobaini na mbili, aiandike baba yako kwa penseli yake na herufi zake za risiti, mara mbili, nakala moja ibaki daftarini na nyingine ishonwe ndani ya mfuko wa koti. Atachagua maneno mwenyewe. Ila akikuuliza aanzeje, mwonyeshe haya. Na ile namba ya masjala uliyonikataza, itie.

"Mimi ni Refa, fundi saa. Ukiniona nimesimama njiani natazama huku na huku, vyumba vimepangwa upya. Usinicheke na usiniharakishe. Mpigie binti yangu, karani wa masjala. Siku za kazi piga ofisini, na mkuu wake akiuliza shida ni nini, mwambie ni mimi. Saa nyingine piga namba iliyo nyuma ya karatasi hii, acha ilie mpaka mwisho. Kama kuna kiti karibu, niketishe. Atakuja."